Kumwaga oili nyumbani: shajara ya IST na nati ya sampu iliyogoma

Jumamosi, 1 Machi 2025: uwanja na vifaa

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE ya cc 1,500, gia otomatiki. Nyumba iko Kigamboni, uwanja ni mchanga mtupu, na hatua chache kutoka ninapoegesha kuna kisima kifupi ambacho majirani tunachota pamoja. Maji yake yako karibu. Masika yakikolea unayaona yamepanda. Ndiyo maana kazi hii nimeiwekea sharti moja kabla ya kushika spana: oili isifike mchangani, na ikifika, itolewe siku hiyohiyo. Mengine yote humu, pamoja na gharama, yanafuata sharti hilo.

Kwa nini nisiende gereji, ambako ufundi wa kumwaga oili ni shilingi 10,000 tu? Nataka kujua ni oili gani iliyoingia kwenye injini yangu, na kila nati imekazwa kwa nguvu kiasi gani. Mara ya mwisho fundi wa gereji alikaza nati ya sampu, yaani ya bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa spana aliyoichomekea bomba refu, nami nilisimama pale nikiisikia ikilia. Sauti ile haijanitoka.

Manunuzi ya Kariakoo na Gerezani, maeneo ya maduka jijini Dar: oili 5W-30 galoni ya lita 4, 75,000. Filta 12,000. Washa (pete) ya shaba 1,000. Soketi namba 14 ya pembe sita 6,000. Kikombe cha kufungulia filta 15,000. Turubai 8,000, glavu 2,000. Vipande vya mbao nene kutoka kwa seremala wa mtaani, 5,000. Jumla 124,000.

Muuzaji wa oili alinisisitizia 20W-50, kwa hoja ile ya kila siku kwamba joto la Dar linataka oili nzito. Namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili injini ikishapata moto, na injini hizi za NZ zilitengenezewa oili nyepesi ipite haraka kwenye njia zake nyembamba. Nikabaki na 5W-30. Lakiri ya kifuniko niliikagua palepale dukani, kwenye mwanga, kwa sababu galoni za kujazwa upya zipo sokoni na ukishafika nyumbani huna pa kulalamikia.

Jaribio la kunyanyua gari lilishindikana mara ya kwanza. Jeki iliwekwa moja kwa moja juu ya mchanga. Kabla tairi halijaachana na ardhi, upande mmoja wa kitako chake ulikuwa umeshazama na jeki inaanza kulala. Nikashusha. Dawa ilikuwa ubao wa unene wa sentimita 5 chini ya jeki, na kila stendi ikapewa ubao wake. Baada ya kushusha gari juu ya stendi nikalisukuma kwa bega, nguvu zote, kutoka pembeni. Kama litatikisika, acha litikisike wakati hujalala chini yake. Na matofali hapana kabisa: tofali la saruji hupasuka ghafla bila dalili yoyote, na anayekuwa chini hana nafasi ya kutoka. Atakayeiga kazi hii aruke kitu kingine chochote, hili asiliruke.

Jumamosi, 8 Machi 2025: nati inafunguka, filta inagoma

Injini imewashwa dakika tano, imezimwa, imeachwa kidogo. Oili vuguvugu inashuka vizuri. Ya moto inababua mkono. Turubai chini, juu yake maboksi yaliyokunjuliwa, juu ya maboksi beseni pana. Nilipanga kumaliza kabla ya futari.

Chini ya gari hili kuna nati mbili za kumwagia, na watu wengi wameumizwa na jambo hili. Moja ni ya gia, inafunguliwa kwa ufunguo wa L wa pembe sita, na kinachotoka ni mafuta mekundu. Nyingine ni ya injini, kichwa namba 14. Mtu akifungua ya gia kwa kudhani ni ya injini, kisha akajaza oili mpya juu, gari linabaki na gia kavu na injini iliyozidishwa. Zitambue zote mbili kwa macho kwanza, uweke alama ya chaki.

Kichwa cha nati yangu kilikuwa kimeshaviringika pembeni. Spana ya pembe 12 ilikuwa inateleza na kuendelea kukila. Soketi ya pembe sita, ikigongwa kidogo kwa nyundo ikae vizuri, ndiyo iliyokishika, na nati ikaachia kwa mlio mkali.

Hapa ndipo uchafu ulipoanzia. Oili haishuki wima. Ikianza inaruka mbali, kwa sababu sampu imejaa na inaisukuma kutoka. Kadiri inavyopungua mkondo unarudi nyuma, na mwishoni inakuwa uzi mwembamba ambao upepo wa baharini unaupeperusha unakotaka. Beseni lilihamishwa kufuata mkondo, lakini kiasi kama cha glasi kilidondokea kwenye boksi, kikafuata mkunjo wa boksi hadi ukingoni mwa turubai, na kutoka hapo kikaingia mchangani. Kilichofaa ni kuviringisha kingo za turubai juu ya vipande vya mbao ili liwe na ukuta mdogo pande zote nne. Tangu siku hiyo turubai linawekwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Mchanga uliolowa nikauchota na koleo hadi rangi ilipoishia, kisha nikaongeza kina cha kiganja. Ukaingia kwenye kiroba, kiroba kikafungwa. Mtu asimwagie maji na sabuni ya unga: sabuni inaivunja oili matone madogo, na maji yanaishusha palepale ambapo hutaki ifike. Kwenye sakafu ya saruji ungenyunyizia unga wa mbao, ukauacha unywe, ukafagia. Kwenye mchanga dawa ni kuchimba tu.

Sasa nati yenyewe. Nilipoifuta nikakuta imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, na chini ya tepu, ndani ya thredi (yale meno ya kuzungushia), kulikuwa na uzi wa chuma uliojikunja kama springi ya kalamu. Ule ni mwili wa sampu. Nilimulika tundu kwa tochi: thredi za mwanzo zimelala, zinang'aa, hazina tena meno ya kushika. Kile kilio cha gereji kilikuwa hiki.

Filta nayo ilikuwa imekazwa kwa chuma badala ya mkono. Kikombe kilikuwa kinazunguka juu yake bila kushika. Jirani kijana, fundi wa pikipiki, akachungulia: "Kaka, itoboe na bisibisi ubavuni uizungushe, dakika moja tu." Nimeiona njia hiyo ikitumika. Bati la filta ni jembamba. Likigoma linachanika kama lilivyo, oili inamwagika kupitia tundu, na unabaki na kipande kisichoshikika kimeng'ang'ania injini. Nikamwomba badala yake anishikie tochi. Kipande cha msasa, upande wa kukwaruza ukielekea filta, kikatandazwa ndani ya kikombe, na kikombe kikashika. Filta ikatoka nzima.

Lakini ilitoka bila mpira wake. Mfereji wa duara kwenye kitako cha filta ulikuwa mtupu, na mpira umebaki umegandamana na injini, mweusi juu ya uchafu mweusi, kwa macho hauonekani. Niliupata kwa kupitisha kidole. Filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa zamani, itakaa kana kwamba imebana. Injini ikiwaka, presha inausukuma mpira mmoja nje na oili karibu yote inamwagika kwa muda mfupi. Kwenye uwanja kama wangu ni msiba, na injini nayo inabaki bila kitu. Kila filta inayotoka igeuzwe na itazamwe mfereji wake kabla mpya haijaguswa.

Filta mpya: mpira umepakwa oili, imezungushwa kwa mkono hadi ikagusa, kisha robo tatu ya mzunguko. Nati: washa mpya ya shaba, ikakazwa taratibu. Karibu na mwisho ikawa laini mkononi, ile hali ambayo nati inazunguka bila kubana zaidi. Nikaacha hapohapo. Kuendelea kungemaliza thredi zilizobaki.

Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Kwanza ziliingia 3.2, ikapimwa kwa stiki, kisha ikaongezwa kidogokidogo. Kuzidisha si akiba: oili ikifika juu ya alama kwa wingi, shafti inaipiga na kuifanya povu, na povu halilainishi. Injini ikawashwa, taa nyekundu ya oili ikazima, chini pakavu. Boksi safi likawekwa chini ya gari kwa usiku.

Jumapili, 9 Machi 2025: doa

Asubuhi boksi lina doa la ukubwa wa sahani. Filta kavu. Nati inatona.

Ushauri wa kwanza mtaani ulikuwa tepu, tena nyingi. Hili ningependa lieleweke, maana karibu kila fundi analishauri. Kinachozuia oili kwenye nati ya sampu ni washa, pale inapobanwa kati ya kichwa cha nati na uso wa sampu. Kazi ya thredi ni kuvuta tu. Thredi zikishindwa kuvuta, washa haibanwi, na tepu haiwezi kuvuta kwa niaba yake. Zaidi ya hapo, vipande vya tepu vinavyokatika kwa ndani vinaelekea kwenye kichujio cha pampu ya oili.

Gari limeegeshwa, kopo chini ya nati, hakuna safari hadi liwe sawa. Nakwenda mjini kwa pantoni kama kawaida.

Jumamosi, 15 Machi 2025: nati ya kujichonga

Gerezani wanauza nati nene kidogo kuliko ya asili, yenye mifereji ya kukata ubavuni, inayojitengenezea thredi mpya ikizungushwa. 5,000. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote, hivyo ilistahili kupewa nafasi.

Oili ni mpya, haitupwi. Imeshushwa kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Mifereji ya nati nikaijaza grisi ili chembe za chuma zinase humo, kisha nikakata nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kuitoa, kuifuta, na kurudia. Mwishoni nikapitisha nusu lita ya oili sampuni ili isombe chembe zilizobaki. Oili hiyo ikaenda kwenye dumu la chafu.

Imeshindikana. Tundu halikuwa tena duara: lilikuwa limevutwa upande mmoja, na nati ikafuata upande huo. Ukiitazama kwa chini, kichwa kimegusa sampu upande wa kulia, na kushoto unaweza kuingiza ukucha. Washa haina pa kubana. Tone la kwanza lilikuja hata kabla sijamaliza kujaza.

Nati ya aina hii inaweza kufaa pale thredi zimeisha lakini tundu bado duara. Lipime tundu kwanza kwa kuingiza nati ya zamani na kuitikisa: ikicheza zaidi upande mmoja, usinunue.

Jumamosi, 22 Machi 2025: sampu yenyewe

Kwenye injini hii sampu ni vipande viwili. Cha juu ni cha aluminiamu, kikubwa. Cha chini ni bakuli la bati la chuma, na nati iko kwenye hicho cha chini. Ni habari njema, kwa sababu kipande cha chini kinatoka peke yake, injini ikiwa palepale.

Nilikipata Gerezani, kilichotumika, kwa 35,000 pamoja na nati yake. Mzee aliyeniuzia, baada ya salamu, hakukubali niondoke haraka. "Mwanangu, ijaribu nati yake hapahapa, kwa vidole, bila spana. Isipoingia kwa vidole hadi mwisho, rudisha, nikupe nyingine." Iliingia. Kisha akaegemeza ukingo wa sampu juu ya kioo cha kaunta tuone kama umekaa sawasawa pande zote. Kwa ushauri ule mmoja nilimshukuru kwa moyo wote.

Boliti ni namba 10, hazina ubishi. Ubishi uko kwenye silikoni, maana hapa hakuna gasketi. Kishawishi ni kuchomeka bisibisi na kubinua; usifanye. Aluminiamu ya juu ni laini, na mkwaruzo wa bisibisi unakuwa njia ya kudumu ya kuvujia. Nilitumia kisu chembamba cha kukwangulia rangi, kinagongwa taratibu kuzunguka ukingo wote hadi bakuli likaachia. Beseni liwe chini muda wote: hata baada ya nati kumwaga kila kitu, bakuli bado lina oili, na inatoka kwa upande, ghafla.

Kilicholipa siku nzima kilikuwa juu. Kichujio cha pampu ya oili, wavu mdogo unaonyonya kutoka sampuni, kilikuwa na vipande vya silikoni ya rangi ya chungwa vimenasa kwenye matundu, vingine virefu kama ukucha, na kati yake kipande cha tepu nyeupe. Aliyefungua sampu hii zamani alipaka silikoni nyingi mno. Iliyobanwa ikajaa kwa ndani, ikakatika, ikaja hapa. Karibu theluthi ya wavu ilikuwa imeziba. Taa nyekundu ilikuwa bado haijasema lolote. Nikausafisha kwa mafuta ya taa na mswaki hadi kila tundu likapitisha mwanga.

Nyuso zote mbili zikakwanguliwa na kufutwa hadi kitambaa kikatoka safi. Silikoni ya 8,000: mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Unauona ni mwembamba, unatamani kuongeza. Kumbuka ule wavu. Bakuli likapandishwa wima bila kuteleza, boliti zikashikwa zote kwa vidole kwanza, halafu zikakazwa kwa kuvukavuka, kidogo kidogo. Imeachwa hadi kesho bila oili.

Jumapili, 23 Machi 2025: kujaza

Nati, kwa kipimo cha Toyota, inakazwa kwa nguvu ya takriban Nm 37. Nimeazima spana ya kupimia nguvu. Asiye nayo akumbuke hesabu hii: ni kama kuvuta kwa uzito wa kilo 19 ukishika spana sentimita 20 kutoka kwenye nati. Mkono mmoja wa mtu wa kawaida unatosha. Bomba halihitajiki, na halikuhitajika kamwe.

Oili ya ndoo ilitulia tangu jana imefunikwa. Nikaimimina pole, nikaacha sehemu ya chini kabisa, ambako chembe za nati ya kujichonga zingekuwa zimekaa. Hiyo ikaenda kwenye dumu. Pengo likajazwa kutoka lita moja ya ziada ya oili hiyohiyo, 20,000. Injini ikawashwa. Pakavu. Boksi jipya chini, usiku mzima.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: baada ya mvua na safari

Boksi bado kavu. Stiki iko palepale. Gari limekwenda Kibada na kurudi, limevuka Daraja la Nyerere mara nyingi, limesimama kwenye foleni na jua. Mvua imenyesha, na pale nilipochimba mchanga nilimwaga maji ya ndoo na kutazama kama kuna rangi ya upinde juu yake. Hakuna.

Limebaki dumu la oili chafu. Mzee jirani anajenga banda la kuku na aliiomba apake nguzo, mchwa wasile. Ni desturi ya hapa na anastahili jibu la heshima, si katazo. Nilimwambia: "Mzee wangu, nguzo zinasimama hatua kumi kutoka kisimani, na hii ina masizi na chembe za injini. Mvua ikishuka itaishusha kando ya nguzo hadi kwenye maji yetu." Alinyamaza akatazama kisima, akasema basi atatafuta dawa ya mbao dukani. Nilichangia nusu ya bei yake. Dumu nimelipeleka gereji inayokusanya kwenye mapipa kwa ajili ya mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya oili chafu, na nimeona pipa kwa macho yangu kabla sijaacha dumu. Kiroba cha mchanga hawakukipokea. Kipo chini ya paa, kimefungwa mara mbili, na bado naulizia mkusanyaji atakayekichukua; nikimpata nitaongeza hapa.

Gharama za ukarabati: nati ya kujichonga 5,000, sampu 35,000, washa ya pili 1,000, silikoni 8,000, mafuta ya taa 2,000, oili ya ziada 20,000. Jumla 71,000, na pamoja na manunuzi ya mwanzo ni 195,000. Vifaa vipo na sampu ni nzima, kwa hiyo kumwaga oili kunakofuata ni oili, filta na washa: 88,000.

Hatua ijayo ni mafuta ya gia. Turubai limeshaoshwa, juu ya beseni.